Mawe juu ya vilima vya Masisi

Barabara inayotoka Goma, mashariki mwa Kongo, kwenda magharibi hufuata ufuo wa Ziwa Kivu kwa takribani kilomita 25 hadi Sake, kisha huanza kupanda. Sake bado ni nchi ya mwamba mweusi: mlipuko wa volkano ya Nyamulagira wa 1938 hadi 1940 ulitiririsha lava hadi ndani ya ziwa karibu na hapo. Ukifika Mushaki, katika Masisi, hewa imekwisha badilika. Nyasi fupi na nzito zimefunika miteremko mikali, ng'ombe wanalisha mahali ambapo mgeni angeogopa hata kusimama, na juu ya vilima kadhaa pana safu za mikaratusi zilizonyooka mno kuwa zimejiotea. Penye safu ya namna hiyo mara nyingi pana nyumba ya zamani ya shamba, au kuta zake zilizobaki.

Nyumba hizo ziliachwa na walowezi, wengi wao Wabelgiji, walioingia eneo la Kivu kuanzia miaka ya 1920 hadi mkesha wa uhuru. Baadhi zilijengwa kwa mbao, nyingine kwa matofali ya kuchoma, na zile zilizoshindana na wakati vizuri zaidi zilijengwa kwa mawe. Wakazi wa Goma wanaopanda Masisi kupunga hewa, usalama unaporuhusu, huzipiga picha na kurudia sifa iliyozoeleka kwamba hapa ndipo Uswisi ya Afrika. Sifa hiyo inapendeza, lakini inayapa mandhari heshima yote na kumsahau binadamu. Kila jiwe lilibebwa na bega la mtu, na ardhi lilipowekwa ilikuwa na wenyewe kabla ya ukuta kusimama. Wajukuu wa waliozijenga nyumba hizi wana haki na historia yake sawa na wajukuu wa waliolala ndani, na ni vema isimuliwe hivyo.

Kwa nini walowezi walipanda huko juu? Ziwa Kivu lenyewe liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya Masisi iko juu zaidi. Vilele vingi vinapita mita 2,000. Usiku ni baridi, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, mbu ni wachache kuliko mabondeni, na ng'ombe hawasumbuliwi na mbung'o. Udongo wa volkano, pale ulipo, una rutuba ya ajabu. Kahawa ilistawi kwenye miteremko ya chini kuelekea ziwani, chai na miti ya kwinini ikapandwa juu yake, na juu kabisa pareto, ua jeupe linalokaushwa ili kutoa dawa ya kuulia wadudu na ambalo halipendi joto.

Sheria ilitangulia nyumba. Tarehe 1 Julai 1885, utawala wa mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji nchini Kongo ulitangaza kwamba ardhi yote iliyo tupu ni ya dola. Kwa Wahunde wa Masisi ardhi ya namna hiyo haikuwepo. Shamba lililopumzishwa, msitu wa kuwinda na kichaka cha kuchumia dawa vilikuwa na wenyewe, chini ya mwami, yaani chifu, na wakuu wa koo. Lakini macho ya serikali yaliona mwenye ardhi pale tu palipokuwa na jembe. Mwaka 1928 ikaundwa Comité National du Kivu, yaani CNKi, chombo cha serikali na wenye mitaji kwa pamoja, kikapewa mamlaka makubwa ya kugawa ardhi kwa walowezi na makampuni. Aliyegawiwa alitakiwa aiendeleze: afyeke, apande, afuge, ajenge. Hapo ndipo jiwe lilipopata kazi ya pili. Banda la miti linaweza kung'olewa kwa siku moja, na afisa wa serikali akaliona kama kambi ya mpita njia. Nyumba ya mawe yenye msingi uliochimbwa ilimwambia afisa huyo, na pia mwami wa bonde la pili, kwamba mwenye nayo hakusudii kuondoka. Ilikuwa makazi na papo hapo ilikuwa hoja.

Mashamba hayo yalihitaji mikono mingi, na walowezi walilalamika kwamba Wahunde, waliokuwa na mashamba yao ya kulima, hawakuja kazini kwa wingi uliotakiwa. Upande wa pili wa milima, Rwanda ilikuwa na watu wengi na ilikuwa imetoka kwenye njaa kali. Wabelgiji, waliotawala pande zote mbili, wakaanzisha mwaka 1937 mpango wa kuwahamishia Banyarwanda Kivu, uliojulikana kwa Kifaransa kama Mission d'Immigration des Banyarwanda. Hadi ulipomalizika mwaka 1955, takribani watu 85,000 walikuwa wamehamishwa, wengi wao wakapelekwa Masisi. Eneo la Gishari likawekewa utawala wake chini ya chifu wa Kinyarwanda, kisha Wabelgiji wakaufuta mwaka 1957, wakiacha nyuma swali la nani mwenyeji na nani mgeni, swali ambalo watoto wa pande zote wamelirithi. Ni mikono ya Wahunde na ya wahamiaji hao iliyovunja mawe, ikayabeba na kuyapanga.

Inafaa kusimama mbele ya ukuta mmoja na kuutazama kwa utulivu. Upande wa mashariki wa Masisi, unaokaribia volkano, jiwe ni lava: la kijivu kinachoelekea weusi, lenye matundu madogo yaliyoachwa na gesi wakati mwamba ulipokuwa ukipoa. Matundu hayo humchubua mwashi vidole, lakini humsaidia pia, kwa sababu saruji au udongo huingia ndani yake na kushika. Kadiri unavyosonga magharibi lava hupungua, na kuta hupata mawe ya miamba mikongwe zaidi, ile ile inayobeba madini ya koltani ya migodi ya Rubaya. Kusafirisha mawe kwenye njia za milimani ni taabu isiyo na faida, kwa hiyo nyumba hujengwa kwa kile kilichopo chini yake. Ndiyo maana rangi ya ukuta humwambia mtu aina ya kilima anachokikanyaga.

Mwashi huanza kwa kuchambua. Mawe makubwa na bapa huwekwa kando kwa ajili ya msingi na pembe; ya wastani huingia katikati ya ukuta; vipande vidogo ni vya kuziba nafasi. Jiwe la pembeni ndilo la kupimia ufundi wa mtu. Huchongwa kwa nyundo na patasi hadi lipate nyuso mbili zilizonyooka, kisha hulazwa kwa zamu: moja refu likielekea upande huu, linalofuata likielekea upande ule, ili kuta mbili zishikane. Ukuta wenyewe una uso wa nje na uso wa ndani, na unene wake hukaribia nusu mita. Kila baada ya hatua kadhaa huwekwa jiwe refu linalopita kutoka uso mmoja hadi mwingine. Mwashi mvivu akiyaruka mawe hayo ya kufungia, hakuna atakayegundua mwaka wa kwanza. Baada ya miaka kadhaa ya mvua za Masisi, ukuta hufanya tumbo, nyuso mbili zikaachana, na upande mmoja ukaporomoka. Timazi na uzi vilitosha kunyoosha kazi yote. Juu ya milango na madirisha iliwekwa boriti ya mti mgumu au, baadaye, zege.

Mvua ndiyo iliyoamua umbo la nyumba. Kilima hukatwa kwanza ili kupata kiwanja tambarare, na nyuma yake huchimbwa mtaro wa kuzuia maji yanayoshuka. Msingi huinuliwa juu ya ardhi ili matone yanayoruka yasifikie mlango. Paa la mabati, manjanja kama wanavyosema Kivu, huwa na mteremko mkali na kutokeza mbele ya kuta, likifunika baraza linalotazama bonde. Kwenye ukingo wa paa mifereji hupeleka maji kwenye tangi, jambo la lazima katika nchi ya lava ambako mvua hupenya kwenye nyufa za mwamba na chemchemi ni chache.

Ndani, moyo wa nyumba ni meko ya ukutani yenye bomba la moshi la mawe linalotoboa paa. Hapo pana tofauti moja ya kuzingatia. Katika nyumba ya kienyeji ya vilima hivi, moto ulikaa katikati ya sakafu na moshi ukatoka polepole kupitia nyasi za paa, ukifukuza wadudu na kuzikausha nyasi. Moshi ulikuwa sehemu ya jengo. Mlowezi alilitaka joto la moto bila moshi wake, kwa hiyo alilipa gharama ya bomba, na pale bomba linapokutana na bati ndipo maji yanapopata njia ya kwanza ya kuingia. Atakayekagua nyumba ya zamani na aanzie hapo.

Jiko lilikuwa nje, nyuma ya nyumba, likifuatiwa na ghala, zizi, na kwenye mashamba ya pareto tanuri za kukaushia maua, kwa kuwa ua likichelewa kukauka hupoteza nguvu. Kambi ya wafanyakazi ilikuwa chini zaidi kwenye mteremko. Kwa kawaida huko mawe hayakufika: nyumba zilikuwa za miti, udongo na nyasi, zilizojengwa na wakazi wenyewe. Ndiyo maana leo anayetafuta alama za shamba la miaka ya 1950 hukuta nyumba ya bwana na asikute hata jiko la aliyeijenga. Ukimya huo wa ardhi usichukuliwe kuwa ushahidi kwamba watu hawakuwapo.

Ukishuka magharibi kuelekea Walikale, nyumba za aina hii hutoweka. Ardhi inashuka chini ya mita 1,000, joto linarudi, na msitu mkubwa unaanza. Walowezi wa kilimo hawakuvutiwa; waliofika walifuata zaidi madini. Wanyanga na majirani zao walijenga kwa vile msitu ulivyowapa: nguzo, fito, kamba za mimea na majani mapana ya kuezekea. Jengo la namna hiyo halikusudiwi kudumu karne. Huchakaa, kijiji huhama, msitu hurudi. Kumbukumbu walizihifadhi kwa njia nyingine. Mwaka 1956 mzee wa Kinyanga, Shekarisi Rureke, alimsimulia mtafiti Mbelgiji Daniel Biebuyck utendi wa shujaa Mwindo, kwa kuimba, kusema na kuigiza, na simulizi hiyo sasa husomwa katika vyuo vikuu vya nchi nyingi. Utendi ule ni wa zamani kuliko kuta za Masisi.

Maisha ndani ya nyumba za walowezi yanajulikana vizuri kupitia mwanamke mmoja Mmarekani. Rosamond Halsey Carr alikuwa mchoraji wa mitindo ya nguo New York kabla ya kufika Kongo na mume wake mwaka 1949 na kufanya kazi kwenye mashamba ya upande wa Kivu. Ndoa ilivunjika. Mwaka 1955 alivuka mpaka kwenda kusimamia shamba la pareto la Mugongo, kaskazini-magharibi mwa Rwanda, chini ya safu ile ile ya volkano, na baadaye akalinunua. Maisha yake yanaonyesha jambo ambalo picha za baraza na bustani hazisemi: shamba la mlowezi mdogo lilikuwa na deni karibu muda wote, na bei ya pareto iliyopangwa mbali na Kivu ingeweza kumfilisi. Alikimbia mauaji ya kimbari ya 1994, akarudi mwaka huo huo, na mwezi Desemba ghala la kukaushia pareto likawa makao ya watoto yatima, Imbabazi. Alifariki mwaka 2006 akiwa na umri wa miaka 94.

Upande wa Kongo hatima ilikuwa tofauti. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960, na walowezi wengi wakaondoka katika miaka ya misukosuko iliyofuata. Pigo la mwisho kwa waliobaki lilikuja mwaka 1973, kwa hatua mbili. Julai 20, sheria mpya ya ardhi ilitamka kwamba ardhi yote ya Zaire, jina la Kongo wakati huo, ni mali ya dola na kwamba raia hupewa haki ya kuitumia kwa hati. Ardhi ya kimila iliahidiwa amri ya rais ambayo ingefafanua hadhi yake. Amri hiyo haikutolewa. Kisha, Novemba 30, rais Mobutu akatangaza kwamba mashamba na biashara za wageni zikabidhiwe kwa Wazaire.

Nani alipokea? Si jirani aliyekuwa amebeba mawe. Mashamba yaliangukia mikononi mwa watu wenye jamaa Kinshasa au Goma, maafisa, wafanyabiashara na wanasiasa. Barthélemy Bisengimana, aliyeongoza ofisi ya Mobutu kuanzia 1969 hadi 1977, ndiye anayetajwa zaidi miongoni mwa waliofaidi Kivu katika zama hizo. Wengi wa wenye mashamba wapya waliishi mjini na kumwachia msimamizi nyumba. Kahawa na pareto zikang'olewa, nyasi zikaenea, ng'ombe wakachukua vilima, kwa sababu ng'ombe mia moja huhitaji wachungaji wachache tu ilhali pareto huhitaji kijiji kizima. Familia zilizokuwa zikilima pembezoni zikajikuta zinasukumwa kwenye miteremko mikali zaidi, au kuomba kipande cha kulima kwa masharti ya mwenye hati. Nyumba ya mawe ikabaki pale pale ikifanya kazi ile ile ya kuonyesha kwamba kilima kina mwenyewe.

Kuna mazao mazuri pia ya zama hizo. Jibini ya Masisi, inayojulikana mjini kama jibini ya Goma, ilianza kupata jina miaka ya 1970 kupitia mapadre wa Kibelgiji waliofundisha utengenezaji wake, Lushebere ikiwa miongoni mwa vituo vyake. Maziwa hugandishwa, hukatwa, hukamuliwa kwenye vyombo vya duara, hulowekwa kwenye maji ya chumvi, kisha mabonge huachwa kwenye rafu za mbao yaive, yakigeuzwa mara kwa mara. Kuiva huko hutaka chumba chenye ubaridi usiobadilika, na ukuta wa mawe wenye unene wa nusu mita hutoa ubaridi huo bila umeme. Kilichojengwa kumkinga mlowezi na baridi kikawa rafiki wa jibini.

Lakini utulivu haukudumu. Mwezi Machi 1993 mauaji ya kikabila yalianzia soko la Ntoto, wilayani Walikale, yakasambaa Masisi na kuua maelfu ya watu. Mwaka uliofuata wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika, na wanajeshi na wanamgambo wa utawala ulioanguka wakiwamo. Mei 1996 watu waliokuwa wamejihifadhi kwenye monasteri ya Mokoto walishambuliwa na wengi kuuawa. Sehemu kubwa ya ng'ombe wa Masisi waliibwa au kuchinjwa katika miaka hiyo. Nyumba za mashamba, kwa kuwa ziko juu ya vilima na zina kuta nene zinazotazama barabara, zilimfaa kila mwenye bunduki aliyepita. Kilichojengwa ili kusimamia shamba kilitumika kusimamia njia.

Nyumba ya mawe huuawa kwa mpangilio unaofahamika. Kwanza huondoka milango na fremu za madirisha, kisha mabati, ambayo hubebeka na kuuzika. Mbao za paa huwa kuni. Baada ya hapo mvua humalizia kazi kutoka juu, ikilegeza udongo au saruji kati ya nyuso mbili za ukuta, na miche huota ndani yake. Mawe yenyewe hayapotei: huonekana tena kwenye msingi wa shule, ukingo wa kaburi au ua wa jirani. Goma, iliyounguzwa na volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002 na kutishwa tena Mei 22, 2021, inajua vizuri jinsi jiwe linavyozunguka. Lava iliyofunika mtaa ndiyo iliyovunjwa kujengea mtaa huo upya.

Mapigano ya miaka ya karibuni yamepita tena kwenye barabara ile ile ya Goma na Masisi. Rubaya ilitekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, Masisi mjini na Goma Januari 2025, na Machi mwaka huo vita vikafika Walikale. Watu waliokimbia wana haja ya chakula na ulinzi kabla ya urithi wa majengo, na hakuna mwenye busara atakayebishana na hilo. Lakini mgogoro wenyewe unahusu ardhi kwa kiasi kikubwa, na kuta hizi ni sehemu ya maandishi yake.

Kwa kulinganisha, Nairobi inayo nyumba moja ya shamba iliyobahatika. Bogani, iliyojengwa kwa mawe mwaka 1912 na Msweden Åke Sjögren, ilikaliwa na mwandishi Mdenmarki Karen Blixen kuanzia 1917 hadi 1931, shamba la kahawa lilipofilisika. Denmark iliikabidhi kwa Kenya wakati wa uhuru, na ikawa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya sinema iliyotokana na kitabu cha Blixen kuhusu maisha yake. Iliokolewa na kitabu na sinema. Masisi haikupata vyote viwili, na kuingojea bahati kama hiyo ni kupoteza muda.

Kinachoweza kufanyika sasa ni kidogo na hakihitaji fedha nyingi. Mwalimu, padri, mchungaji au mwanafunzi mwenye simu anaweza kupiga picha kila upande wa nyumba iliyobaki, kupima urefu na unene wa kuta kwa futi kamba, na kutafuta tarehe iliyochongwa juu ya mlango au kwenye saruji ya tangi. Majalada ya CNKi na ya utawala wa kikoloni yako Ubelgiji. Ya hati za baada ya 1973 hutafutwa katika ofisi za ardhi. Yasiyo na jalada ni majina ya waashi, njia ambayo mawe yalipitia, kiasi kilicholipwa, na nani alikuwa akilima kilima hicho kabla mlowezi hajaonyeshwa mipaka yake. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka 1955 leo amefika 90. Ndiye wa kuulizwa kwanza, na aulizwe kwa lugha anayoifahamu vizuri, iwe Kihunde, Kinyarwanda au Kiswahili, huku mwingine akiandika.